Majirani Zako Kwenye Gemu Wanaishije?

Uliyeko Mikindani, uliyeko Msangamkuu unasubiri kivuko, uliyeko Naliendele kwenye mikorosho, na ninyi wa Msimbati, Madimba, Nalingu, mpaka kule Kilambo ukingoni mwa Ruvuma, karibuni nyote.

Leo nina jambo ambalo baadhi ya wazee watasema ni la watoto. Nawaomba msizime redio. Nataka tuzungumze habari za gemu, na nikimaliza mtaona kwamba tumezungumza habari za majirani, za misiba na za safari, mambo ambayo wazee mnayajua kuliko kijana yeyote mwenye kompyuta.

Sizungumzii gemu za mpira zinazochezwa kwenye mabanda hapa Mtwara, kule Magomeni na Chikongola. Wala sizungumzii zile za kupigana risasi. Nazungumzia gemu za maisha. Humo hakuna bao wala adui. Unajenga nyumba, unaweka watu ndani, halafu unawaangalia wanavyoishi. Wanapika, wanaoga, wanakwenda kazini, wanachelewa, wanagombana, wanapatana, wanaoana, wanazaa. Wakikosa usingizi wanaanguka wakalala sakafuni. Kazi yako wewe mchezaji ni kuwaongoza: nenda kapike, nenda kalale, mpigie simu rafiki yako.

Maarufu kuliko zote ni The Sims. Ilitoka Februari 2000, kutoka kampuni ya Maxis ya Marekani, na aliyeibuni ni Will Wright. Bwana huyu nyumba yake iliteketea katika moto mkubwa wa Oakland, California, mwaka 1991. Akaanza maisha upya, akinunua vitu vya ndani kimoja baada ya kingine, na katika kuhangaika huko ndipo lilipochipuka wazo la gemu ya watu wa nyumbani na vitu vyao. Zimepita zaidi ya miaka 20, matoleo makubwa yamefika manne. Toleo la nne tangu Oktoba 2022 linatolewa bure, ukiacha viongezeo vyake vya kulipia. Kwa hiyo mtoto wa Shangani au wa Ligula mwenye laptopu na bando la kutosha anaipata sawasawa na mtoto wa London, na anaicheza kwa umeme uliotokana na gesi yetu ya Mnazi Bay.

Haya, sasa swali lenyewe. Sikilizeni vizuri, maana nitalirudia. Katika gemu hii mtaa una nyumba nyingi, na kila nyumba ina kaya yake. Lakini wewe mchezaji, kwa wakati mmoja, unaongoza kaya moja tu. Moja! Je, zile kaya nyingine zinaendeleaje wakati wewe umeshughulika na yako? Wanakula? Wanazeeka? Wanazaa? Au wamesimama tu kama picha?

Wenzetu wanaovua dagaa usiku wa giza watanielewa upesi. Unawasha karabai, au siku hizi taa za sola, na dagaa wanakusanyika kwenye duara la mwanga. Wale unawaona mpaka macho. Nje ya duara ni bahari nzima, nayo ina samaki wake na shughuli zake, ila taa yako haiifikii. Kaya unayoiongoza imo ndani ya mwanga. Kaya za pembeni zimo nje. Tofauti ni hii: bahari ya kweli haisimami kwa sababu taa yako haiifikii. Bahari ya gemu, mara nyingi, inasimama.

Kwa nini inasimama? Kwa sababu ya uwezo wa mashine. Kila mtu wa gemu ana mahitaji yake: njaa, usingizi, haja, usafi, burudani, kuongea na wenzake. Kompyuta inahesabu mahitaji hayo kila dakika ya gemu, inahesabu anapita mlango gani, anakaa kiti gani, nani amemuudhi. Kwa kaya moja, hiyo ni kazi ya kutosha. Ukiitaka ifanye hivyo kwa mtaa mzima, kompyuta ya kawaida inaanza kukwama. Basi watengenezaji wakaamua: kaya ya mchezaji ihesabiwe hatua kwa hatua, na kaya za pembeni zikadiriwe tu, au ziachwe kabisa.

Hebu tuangalie kwa karibu makadirio hayo yalivyo. Mtu wako anatoka kwake saa mbili usiku, anakwenda kwa jirani. Unamkuta jirani kasimama jikoni, anakaanga. Unaamini alianza kupika kabla hujafika. Hapana. Kabla ya mguu wako kuingia hakukuwa na jiko lililowashwa wala mtu aliyesimama. Mashine ilipoona unakuja ilijiuliza: saa hizi mtu kama huyu angekuwa wapi? Ikamweka jikoni, ikampa njaa kidogo, ikampa uchovu kidogo, ikakufungulia mlango. Ukitoka, jiko linazimika, na jirani naye.

Matoleo manne hayo yamelishughulikia jambo hili kwa namna tofauti, na historia yake inafaa kuisikia.

Toleo la kwanza halikuwa na taabu kubwa, kwa sababu mtoto humo hakui na mtu mzima hazeeki. Uache mtaa mwaka mzima, ukirudi utawakuta vilevile. Toleo la pili, la mwaka 2004, likaleta umri: watu wanazaliwa, wanakua, wanazeeka, wanakufa. Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Kila kaya ilikuwa na saa yake, na saa hiyo ilitembea pale tu mchezaji alipoiongoza kaya hiyo. Chukua ndugu wawili, tumbo moja. Mmoja ameolewa yuko nyumba ya juu, mwingine amebaki nyumba ya chini. Ukiicheza ile ya juu peke yake, yule wa juu atapata wajukuu, mvi zitamjaa, na siku moja atakufa kwa uzee. Mdogo wake wa nyumba ya chini bado ni kijana wa juzi. Wachezaji makini ikawabidi waweke daftari: leo nyumba hii siku saba, kesho nyumba ile siku saba, ili watu wa mtaa mmoja waende na umri mmoja.

Toleo la tatu, mwaka 2009, likakata shauri jingine. Mtaa wote uende pamoja. Wewe ongoza kaya yako, majirani watajiendesha: wataoa, watazaa, watabadilisha kazi, watahama. Wachezaji wengi walifurahi, na wengi wengine walilia. Walilia kwa sababu mtu aliijenga familia kwa mkono wake, akampa kila mmoja sura na tabia, akaenda kuongoza nyumba nyingine kidogo, aliporudi akakuta familia imehama mji au imesambaratika. Mashine ilikuwa imeamua, na haikumwuliza mtu.

Toleo la nne lilipotoka mwaka 2014, likarudi nyuma. Majirani waliweza kuzeeka na kufa, lakini hawakuoana wala kuzaa wala kupiga hatua yoyote ya maana wenyewe. Mtaa ukawa unakwisha taratibu, wazee wanaondoka na hakuna wa kushika nafasi zao. Malalamiko yakaendelea miaka, mpaka mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 watengenezaji walipoongeza utaratibu mpya wa habari za majirani. Sasa mchezaji anaweza kuamua, kaya kwa kaya: hawa waruhusiwe kuzaa, wale wasihame, wengine wabadili kazi wakitaka. Halafu kuna jambo moja ambalo mimi nimelipenda sana. Jirani anaweza kumpigia simu mtu wako na kumwomba ushauri. Nimechoka na kazi hii, niache? Tunafikiria kulea mtoto, unaonaje? Jirani aliyekuwa picha anapiga simu!

Msikilizaji, mpaka hapa nimesema nini? Nimesema kaya moja inahesabiwa hatua kwa hatua, na kaya za pembeni zinakadiriwa au zinasimama. Nimesema matoleo yamekuwa yakiyumba: mara jirani amegandishwa, mara jirani anajiamulia bila kukuambia, mara jirani anapiga simu. Shikeni hilo, twendeni mbele.

Mtoto wa dada yangu anaicheza gemu hii. Siku moja nilikaa pembeni yake nikamtazama. Alikuwa ametengeneza mtaa, na nyumba ya jirani alimweka bibi mmoja mzee, kamvalisha kanga, kampa bustani, kamfundisha kupika. Ilionekana alimtengeneza kwa mapenzi. Kisha akashughulika na kaya yake kuu, yenye mama, baba na watoto, kwa muda mrefu. Siku ile akataka kumtembelea bibi. Akakuta nyumba tupu. Bustani imekauka. Bibi alikuwa amekufa kwa uzee. Binti akanigeukia, uso umebadilika, akaniuliza: "Mjomba, mbona hakuna aliyekuja kuniambia?"

Swali hilo la mtoto ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Angalieni, hakuuliza kwa nini bibi amekufa. Watoto wa pwani hii wanajua watu wanakufa. Aliuliza kwa nini habari haikumfikia.

Kwa nini mtoto wa Mtwara aulize hivyo? Kwa sababu amekulia mahali ambapo habari lazima ifike. Wavuvi wetu wanakwenda dago. Upepo ukigeuka, kusi au kaskazi, na samaki wakihama, wanaume wanaondoka Msimbati, wanaondoka Msangamkuu, wanakwenda kupiga kambi kwenye fukwe za mbali na kwenye visiwa, wiki kadhaa au miezi. Nyumba inabaki na mama, watoto na wazee. Kwa macho ya gemu, mvuvi aliye dagoni ni kaya inayoongozwa, na kule nyumbani ni pembeni. Au kinyume chake, inategemea nani ameshika kipanya. Lakini kule nyumbani hakuna kilichoganda. Mtoto anaota meno. Paa linavuja. Mtu anachumbiwa. Mzee anaugua Jumatatu, anazikwa Alhamisi.

Siku mvuvi anaporudi, mnajua wenyewe mambo yanavyokwenda. Chombo hakijavutwa vizuri ufukweni, tayari ameshaanza kupewa habari. Fulani katutoka. Fulani kaolewa Mahurunga. Fulani kapata mapacha. Basi huyu mtu, akishaoga na kula, na wengine hata kabla ya kula, anavaa kanzu au shati safi, anaanza kuzunguka. Nyumba ya msiba anakwenda kuhani, hata kama arobaini imeshapita. Anakaa kwenye jamvi, anasikiliza upya marehemu aliumwaje, alisema nini, alizikwa wapi. Wenye msiba walishasimulia habari hiyo kwa watu wengi, lakini kwake wataianza tena mwanzo mpaka mwisho, hawamkatii njiani. Kwenye nyumba ya mtoto mchanga anatia chochote kwenye kiganja cha mtoto. Kwenye nyumba ya harusi anatoa hongera iliyochelewa. Asipokwenda, watu watasema, na watakuwa na haki ya kusema.

Huo ndio utaratibu wetu kwa kaya za pembeni. Aliyekuwa mbali hana kosa kwa kutokuwepo, riziki imemtoa. Ila akirudi anadaiwa masikio. Nyumba iliyoendelea bila yeye ina haki ya kumsimulia ilivyoendelea, naye ana wajibu wa kukaa chini asikie.

Sasa nirudi kwenye mashine, maana hapa nina neno na watengenezaji wa gemu popote walipo. Wao husema kaya za pembeni ni ghali kuzihesabu. Nakubali. Kuhesabu kila hatua ya kila mtu wa mtaa ni ghali kweli. Lakini kukumbuka habari si ghali hata kidogo. Mashine haihitaji kujua bibi alipita mlango gani siku ya Jumanne. Inahitaji kujua kwamba aliugua, nani alimuuguza, alikufa lini, bustani alimwachia nani. Hayo ni mistari minne ya maandishi. Mistari minne! Kompyuta ya kale kuliko zote pale mjini inaibeba bila kutoa jasho.

Na jambo hili limeshafanywa. Kuna ndugu wawili Wamarekani, Tarn Adams na Zach Adams, ambao gemu yao inaitwa Dwarf Fortress, na watu wanaicheza tangu 2006. Kabla hujaanza kucheza, mashine inaunda dunia nzima pamoja na historia yake ya miaka mingi: nani alizaliwa wapi, nani alimwoa nani, mji upi ulianguka, nani alimuua nani. Haikumtembeza kila mtu hatua kwa hatua kwa miaka yote hiyo. Iliweka matukio tu, na mchezaji anaweza kufungua na kuyasoma kama tarehe ya kale. Kwa miaka mingi sura ya gemu hiyo ilikuwa herufi na alama tupu kwenye skrini. Picha nzuri hazikuwepo, habari zilikuwepo.

Wajapani nao wana yao, Animal Crossing ya kampuni ya Nintendo, iliyoanza mwaka 2001. Ile inakwenda kwa saa ya kweli. Hapa ikiwa asubuhi, kule kijijini kwenye gemu ni asubuhi. Ukiiacha wiki tatu, wiki tatu zimepita na kule. Ukirudi unakuta magugu yameota, ndani ya nyumba mende wanakimbia, na majirani wanakuuliza ulikuwa wapi siku zote hizi. Mwenyeji wa huku akiicheza atajisikia yuko kwao.

Kwa hiyo narudia, na hili ndilo kubwa la leo: kumgandisha jirani ni uamuzi. Mashine haikulazimisha. Waliotengeneza waliona kinachompendeza mchezaji ni kaya yake mwenyewe, jikoni kwake, kitanda chake, na majirani ni wa kupamba mtaa. Huo ni mtazamo wa maisha, na kila mtoto anayecheza anakaa ndani yake kwa saa nyingi.

Kuna jingine, ambalo limeniuma zaidi. Katika toleo la nne dunia yote ya mchezaji ina kikomo cha watu. Ukiiacha gemu kama ilivyokuja, kikomo ni watu 200. Wakizidi, mashine inaanza kupunguza. Nani anapunguzwa? Kaya unayoiongoza haiguswi. Wanaopunguzwa ni wale wa pembeni, hasa wasio na makazi. Wanafutwa kimyakimya. Na wakifutwa, hata katika orodha ya ukoo wanaweza kutoweka. Wachezaji wamewahi kufungua mti wa ukoo walioujenga kwa vizazi, wakakuta mahali pa babu pana pengo.

Mimi nimekaa mara nyingi kwenye hitma, na wengi wenu mmekaa. Mnajua pale msomaji anapofungua karatasi ya majina ya marehemu. Yanasomwa majina ya watu ambao hakuna aliye hai anayekumbuka sura zao. Karatasi yenyewe imekunjwa mpaka inachanika kwenye mikunjo, watu wanainakili upya kwenye daftari lingine, majina yanaongezeka, hayapungui. Hakuna anayesema orodha imekuwa ndefu, tuwatoe wasio na nyumba. Ikifika jua linachwa, basi msomaji ataongeza mwendo, lakini majina yatasomwa yote. Watu wenye daftari la namna hiyo wanaweza kabisa kumfundisha mtengenezaji wa gemu nini cha kutunza na nini cha kutupa.

Tukae kidogo kwenye hili la kaya, kwa sababu hata kabla ya gemu, kuna swali la nani yumo ndani na nani yuko nje. Mnakumbuka sensa ya mwaka 2022. Karani alikuja na kishikwambi akauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Sensa ina sababu nzuri ya kuuliza hivyo, maana lazima kila mtu ahesabiwe mara moja, asikose na asirudiwe. Sina ugomvi nayo. Gemu ya maisha nayo huchora mstari kama ule: walio ndani ya nyumba hii ni kaya, waliobaki ni wengine. Lakini sensa inauchora mstari kwa usiku mmoja, watu wanarudi kwenye maisha yao. Gemu inauacha palepale siku zote.

Sasa njoo kwenye nyumba ya Kimakonde. Ukoo kwa desturi unahesabiwa kwa mama. Mjomba anaishi nyumba nyingine kabisa, pengine kijiji kingine, lakini mpwa akitaka kuoa, au akipelekwa jandoni, mjomba ana neno, na neno lake ni zito. Kwenye gemu, mjomba wa nyumba ya pili hana neno lolote. Ni mtu wa pembeni anayekadiriwa. Njoo kwa mwanamume mwenye wake wawili, mmoja Mikindani, mmoja mjini, analala huku na kule kwa zamu. Kaya inayoongozwa ni ipi? Njoo mwezi wa Ramadhani, saa ya magharibi, watoto wanapishana njiani na sahani zilizofunikwa, muhogo wa nazi unakwenda, kaimati zinakuja. Kwenye The Sims majirani wanakuja na keki ya matunda siku ya kwanza ulipohamia. Ni adabu nzuri, lakini ya siku ya kuhamia tu.

Na njoo mtoni. Sisi wa bonde la Ruvuma tuna ndugu ng'ambo, Msumbiji. Mto unakatisha ramani, ila shangazi ni shangazi. Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, wako watu upande huu waliokesha na simu mkononi wakipiga namba isiyopatikana. Kwao ile nyumba ya ng'ambo haikuwa pembeni hata kwa saa moja.

Ndiyo maana nasema vijana wetu wasiishie kucheza tu. Nawaambia ninyi mnaosoma kompyuta vyuoni hapa Mtwara, na ninyi mnaojifundisha wenyewe kwenye simu: tengenezeni gemu ya maisha ya huku. Msiogope kwamba hamna mashine kubwa. Nimeshawaambia, habari ni nyepesi kubeba. Chukueni kijiji kimoja cha mwambao, nyumba chache tu. Mchezaji awe mvuvi. Achague: leo ninabaki, au ninakwenda dago? Akienda, kijiji kiendelee bila kuonekana, na mashine iandike matukio tu: nani kazaliwa, nani kahama, nani kagombana na nani mpakani mwa shamba, korosho za nani zimepata bei mnadani, nani kakopa kwa nani. Akirudi, mchezo wenyewe uanze hapo: kuzunguka. Aanze nyumba ipi? Akiruka nyumba ya msiba, itokee nini? Akikaa dakika mbili akaondoka, wenye nyumba wamwoneje? Na asipokuwa na samaki wa kugawa, je?

Na mkiitengeneza, msimfute marehemu. Wekeni daftari.

Nanyi wazazi, nina ombi dogo. Mkimwona mtoto ameinamia gemu ya namna hii, kabla hamjamwambia azime, mwulizeni: jirani zako humo ni akina nani, na mara ya mwisho uliwatembelea lini? Mtashangaa atakavyokuwa na mengi ya kuwaeleza. Atawaambia nani kahamia, nani kaacha kazi, nani haongei naye siku hizi. Kaeni msikilize. Mjomba wake nilikaa, na tulimaliza jioni nzima tukijaribu kumtafutia yule bibi ndugu wa kuirithi bustani.

Muda niliopewa unakwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, Inshallah, nitakuwa na mgeni, mzee wa Msimbati aliyepiga dago tangu ujana wake, na nitamwomba atueleze siku ya kurudi nyumba ya kwanza ilikuwa ipi na kwa nini. Vijana wa gemu, sikilizeni mkiwa na kalamu. Na yeyote atakayeanza kuitengeneza ile ya kijiji, hata kama ni maandishi matupu yanayochezeka kwenye kiswaswadu, ailete hapa studio. Tutaicheza hewani, na wazee watatusahihisha. Kwaherini.